Aliyewapisha Wenzake Kwenda Mezani

Jumapili za Ushirika Mtakatifu, katika kanisa letu la Kilosa, watu walipoanza kuinuka benchi kwa benchi kwenda mbele, yeye alivuta miguu yake pembeni kuwapisha. Alikaa benchi la nyuma kabisa, upande wa wanaume, karibu na mlango, na kwa kuwa alikuwa na miguu mirefu ilimbidi akae kiupandeupande mpaka mtu wa mwisho apite. Kisha aliinamisha kichwa na kubaki hivyo hadi waliporudi. Hakuwa ametengwa. Hakuna kikao kilichowahi kumzuia. Nusu ya watu waliokuwa wakimpita aliwaandaa yeye mwenyewe, akawafundisha maana ya mkate ule na kikombe kile, na sasa wao walikwenda na yeye akabaki.

Kilosa mjini walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema ana kinyongo kwa kuwa hakupewa ukasisi. Wengine, wenye ndimi ndefu zaidi, walisema ana mke wa pili huko Tindiga na anaogopa kula hukumu yake. Nimechoka na hadithi hizo. Nilimjua tangu nikiwa msichana wa darasa la kipaimara hadi akawa mzee wa kushikwa mkono kuvuka barabara, na nataka kusema nilichokiona kabla na mimi sijaanza kuchanganya habari.

Tulimwita Mwalimu wa Kanisa. Ilibidi iwe hivyo, maana miaka ile neno Mwalimu peke yake lilikuwa na mwenyewe, na nchi nzima ilijua ni nani. Mbele yake tulisema Mwalimu tu, naye akaitikia. Kazi yake ilikuwa ile ya walimu wa makanisa wote wa milimani kwetu: kuongoza sala kasisi asipofika, kuzika, kutembelea wagonjwa, kufundisha watoto na watu wazima wanaotaka kipaimara. Kula alikula kwa jembe lake, kama sisi wengine.

Alivaa shati lililofungwa mpaka kifungo cha shingoni, hata kwenye joto la Januari ambalo huko Kilosa linamfanya mtu ajute kuzaliwa. Viatu alivibeba mkononi njia nzima, akavivaa mlangoni pa kanisa, akavivua tena akitoka. Hakucheka kwa sauti. Akifurahi alikuna shavu. Na salamu zilikuwa kitu kikubwa kwake. Mtoto akimkimbilia na swali bila kuamkia, alimrudisha mpaka njiani aanze upya. "Shikamoo kwanza," alisema, "shaka baadaye."

Kwa hiyo shaka aliiruhusu. Wengi hawakulielewa hilo, kanisani wala nje ya kanisa.

Mzungu aliyekuwa akisimamia shule ya misheni alipoondoka, karibu na Uhuru, alimwachia sanduku la vitabu. Hakuchagua, nadhani alichoka tu kuvibeba. Kulikuwa na vitabu vya maelezo ya Biblia, kitabu cha miamba, kingine cha nyota kisicho na jalada. Mwalimu wa Kanisa alivisoma vyote, polepole, kamusi ikiwa pajani. Kile cha miamba kilimtia kwenye matatizo ya kwanza. Alitwambia darasani kwamba milima hii tunayoilima ni ya kale kuliko hesabu yoyote ya vizazi tangu Adamu. Mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa amekaa nyuma akasimama.

"Unataka kusema Musa ni mwongo?"

"Hapana, mzee wangu. Nasema Musa aliona mbali bila kitabu. Mimi nina kitabu, ila sina macho yake."

Mzee yule aliketi, lakini hakuridhika, na alikwenda kusema. Wako watu ambao ukiwaambia kuwa mlima ni wa zamani wanadhani umewanyang'anya shamba.

Sasa nieleze habari ya maswali, maana ndiyo kiini cha yote. Katekisimo tulikariri kama Wakristo wengine, swali na jibu, na ukikosea ulirudia mpaka koo likauke. Lakini yeye aliongeza sharti lake ambalo sijalikuta kanisa lingine lolote. Hakumpeleka mtu mbele ya Askofu kuwekewa mikono mpaka alete swali lake mwenyewe, la kweli, linalomsumbua. Asiye na swali alisubiri mwaka mwingine. Wazazi walilalamika sana. Nakumbuka baba mmoja alikuja na kijana wake, amemshika bega, akasema, "Mwanangu hana swali. Mwanangu ana imani."

"Vizuri," akasema Mwalimu wa Kanisa. "Mwache akue kidogo, litakuja lenyewe."

Langu lilikuwa la Kaini. Kwetu sote ni wakulima. Baba yangu alitoa mahindi siku ya mavuno, mama akatoa maharage, na wageni wenye ng'ombe walikuwa wameanza kushuka bondeni na mifugo yao ikala mazao yetu. Nikauliza kwa nini Mungu aliikubali sadaka ya mfugaji na kuikataa ya mkulima. Darasa zima liliona ni kesi yetu.

Hakujibu siku ile. Hakujibu swali lolote siku lilipoulizwa. Alisema, "Ngoja nikalime nalo," na kweli alikwenda nalo. Wiki nzima ungemwona shambani kwake, pale mteremkoni, analima mistari kadhaa, kisha anasimama ameegemea mpini, anatazama chini. Tuliopita njiani tuliambiana, leo analima la fulani. Wiki iliyofuata alisimama mbele yetu.

"Mwenzenu aliuliza la Kaini. Waraka kwa Waebrania unasema Habili alikuwa na imani. Ndilo jibu mtakalopewa kokote mtakakokwenda, nami siwezi kulikana. Lakini mwenzenu aliuliza la kitabu cha Mwanzo, na Mwanzo hakisemi kwa nini. Nimetafuta, sijui. Binti, kaa nalo."

Mtu mzima, mwalimu, amesimama kanisani akasema hajui, na msalaba uko nyuma yake. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Nilirudi nyumbani nikajiona nimekuwa mtu.

Lakini nisije nikamfanya malaika. Nyumbani kwake swali lilikuwa marufuku sawa na pombe. Mkewe, mama mmoja mpole wa Masanze, aliwahi kuniambia tukiwa tunapepeta mchele, "Maswali yake anawapa watu wa nje. Mimi nikimuuliza kesho anakwenda wapi, ananuna mpaka jioni." Hakutaka kusikia ngoma. Alimfokea mwanawe kwa kupiga gitaa, akashinda amekunja uso siku nzima, na jioni ileile akatufundisha kwa upole wa ajabu juu ya Ayubu kumgombeza Mungu. Nilipokuwa mkubwa nilimwambia kuwa Ayubu angemshinda kuishi naye nyumba moja. Alikuna shavu. Hakubadilika hata kidogo.

Nilipokwenda chuo cha ualimu nilikuta pande mbili. Wenzangu wenye akili waliwacheka watu wa kanisa, na watu wa kanisa waliwaogopa wenye akili, na kila upande ulinitaka nichague. Likizo moja nilipanda mlima hadi kwake na maneno yangu tayari mdomoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Za masomo?"

"Nzuri. Mwalimu, nimekuja kukwambia kuwa siamini tena."

Alinitengea kiti. Hakushtuka. "Umesoma vitabu vingapi mpaka ukafika hapo?"

"Viwili."

"Soma vingine. Usitoke kwa uvivu, mwanangu. Na mimi niombee nisibaki kwa uvivu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, akanipa kazi. Mpaka leo nasoma, na mpaka leo sijafika upande wowote, na kusema kweli nimechoka. Wakati mwingine namlaumu kwa hilo. Ingekuwa rahisi kama angenifukuza. Ndani yake imani na akili zilikaa pamoja zikigombana kila siku, kama mke na mume waliozoeana, na hakuna aliyefungasha virago. Alidhani kila mtu anaweza kuishi hivyo.

Aliupenda Ujamaa kuliko wengi waliokuwa na kadi. Nalisema hili kwa sababu baadaye alisingiziwa mengi. Alisoma katika Matendo ya Mitume kwamba waumini wa kwanza walikuwa na vitu vyote shirika, na Chama kilipoanza kusema vivyo hivyo yeye aliona Roho anatembea nchini. Shamba la kijiji lilipoanzishwa alikuwa wa kwanza kufika na jembe na wa mwisho kuondoka, wakati wale waliopiga makofi mkutanoni walikuwa wamejificha kwenye mashamba yao. Vijitabu vya Chama alivisoma kama alivyosoma Nyaraka, mstari kwa mstari, akavifundisha kwenye kisomo cha watu wazima, na humo pia alitaka kila mtu alete swali. Kwake hiyo ilikuwa heshima. Kitu usichokiuliza, alisema, hujakiamini, umekipokea tu.

Ndipo ukaja mwaka wa kuhamishwa. Afisa alikuja na Landrova, tukaitwa uwanja wa shule, nami nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nimeanza kufundisha pale. Alieleza vizuri, sitasema uongo. Watu wa milimani watashuka bondeni, njia ya kwenda Tindiga, wapate shule, zahanati na bomba. Viwanja vimekwisha pimwa, kila familia itaonyeshwa kigingi chake. Kisha akauliza kama wanavyouliza maafisa wote wanapofunga mikutano, akiwa ameanza kukunja karatasi zake, "Kuna swali?"

Kwingineko kote watu wangepiga makofi na kutawanyika. Kwetu mikono iliinuka.

Wa kwanza alikuwa mama mjane, mtu mzima, ambaye alipata kipaimara uzeeni baada ya kusubiri miaka akitafuta swali lake. Alisimama, akafunga khanga vizuri, akaamkia kwanza kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, mkubwa. Mto ukijaa, tukimbilie wapi?"

Afisa alitabasamu, akasema wataalamu wameangalia. Mama akashukuru, akaketi, halafu akasimama tena. "Wameangalia kiangazi au masika?"

Mzee mmoja akauliza makaburi yatabaki na nani. Kijana mmoja akauliza, kwa adabu zote, itakuwaje mtu akikataa. Hapo tabasamu la afisa liliisha. Akaweka karatasi zake chini.

"Nani amewafundisha maneno haya?"

Na watu wetu, Mungu awasamehe, wakageuka wote kumtazama, na sauti zikatoka huku na huku, zimejaa fahari: "Mwalimu wa Kanisa!" Mama mjane ndiye aliyenyoosha kidole. "Ni yule pale, mkubwa. Ndiye anayetufundisha kuuliza." Walidhani wanamsifu. Walidhani mkubwa atataka kumpa mkono mtu aliyewaelimisha wananchi kiasi kile. Nilimwona akikuna shavu, na kwa mara ya kwanza nilijua kwamba hafurahi.

Aliitwa mjini, akakalishwa kwenye benchi la ofisi kuanzia asubuhi, akarudi jioni. Hakupigwa, hakufungwa. Aliniambia baadaye kwamba waliomhoji walikuwa vijana wenye adabu, waliosoma misheni kama yeye. Walichotaka kilikuwa kitu kidogo. Awaambie watu wake, mahali palepale anapowafundisha, kwamba alikosea. La sivyo wale waliouliza, na hasa yule kijana na yule mama, wangeitwa mmojammoja.

Kanisa nalo lilimjia. Kasisi wetu wa wakati ule, mtu mwoga lakini si mbaya, alipanda mlima akiwa na wazee wawili. Alisema kiwanja cha kanisa kiko mashakani, darasa litafungwa. Kisha akaongeza jambo ambalo bora asingelisema. Alisema jina la Mwalimu liko kwa Askofu, kwamba mwaka ule angeweza kwenda chuo cha theolojia na kurudi kasisi. Mwalimu alikuwa amelisubiri hilo tangu Uhuru.

"Nipe wiki moja," akasema Mwalimu wa Kanisa. "Nikalime nalo."

"Hakuna wiki, Mwalimu. Ni Jumapili hii."

Jumapili ile alisimama mbele kabla ya Ushirika, Biblia mkononi, shati limefungwa mpaka shingoni. Alisema kwa sauti ileile aliyotufundishia. "Ndugu zangu, niliwafundisha kuuliza wakubwa. Nilikosea. Wanaojua ni wao. Nendeni mtakakoonyeshwa, jengeni mtakapoonyeshwa." Akaenda akaketi benchi la nyuma, ambako hakuwahi kukaa. Watu walipoinuka kwenda mezani, akavuta miguu pembeni.

Chuo cha theolojia kilipomwita alikataa. Darasa la kipaimara alilikabidhi kwa kijana aliyejua katekisimo yote kwa moyo na hakuwa na swali hata moja. Kasisi alifurahi mambo yamepoa. Kila Jumapili ya Ushirika nilimtazama akiwapisha wenzake, nikadhani ni huzuni itakayopita.

Watu walishuka bondeni. Wangeshuka tu, magari yalikuja. Lakini nataka hili lieleweke vizuri, maana ndilo lililomfanya awe alivyokuwa. Kabla ya Jumapili ile, mama mjane na wenzake kadhaa walikuwa wamekubaliana kimyakimya kwamba wakifika huko watajenga kwenye mwinuko, karibu na shamba la zamani la mkonge, hata kama kigingi kiko chini. Baada ya kumsikia Mwalimu wao, waliacha. Mama mwenyewe aliniambia, akikandika udongo kwenye nyumba yake mpya pale penye kigingi. "Kama yeye kasema alikosea, mimi ni nani?"

Masika ya mwaka uliofuata mto ulifurika. Ulibomoa nyumba za mstari wa chini, ukabeba maghala na mbuzi, na ukamchukua yule mama. Walimpata baada ya maji kupungua. Mwalimu wa Kanisa alikwenda akamchimbia kaburi mwenyewe, hakutaka msaada, na aliposoma maneno ya maziko hakuongeza lake hata moja.

Nilikwenda kumwona baada ya hapo. Nilimwambia yale ambayo mtu yeyote angemwambia. Kwamba alilazimishwa, kwamba aliwakinga watu, kwamba wangehamishwa hata angenyamaza.

"Ndiyo," alisema. "Wangehamishwa. Ila yeye angejenga juu."

"Basi tubu uendelee na maisha, Mwalimu. Si ndivyo mlivyotufundisha?"

"Nitubu nini? Niliongopa mbele ya watu wale. Toba yake ni kusema mbele yao kwamba niliongopa. Nimemwomba kasisi. Anasema, umetuponya, usitutumbukize tena. Naye ana haki, wale waliouliza bado wapo, wataitwa. Siwezi kumwendea Mungu kwa mlango wa nyuma, mwanangu. Akili yangu ninayo, naye anajua ninayo. Nitamwambia nini, kwamba sikujua?"

Nilikasirika. Niliona ni kiburi. Nilimwambia wanawake wasiojua kusoma wanakwenda pale mezani na dhambi kubwa kuliko yake na wanapokelewa. Akasema ni kweli, na kwamba huenda ni kiburi, na kwamba hilo pia amelima nalo. Alikuwa amekonda. Tulikaa hapo, mkewe akatuletea uji, na hatukumaliza mazungumzo.

Rafiki aliyembakia miaka ile alikuwa fundi cherehani mmoja wa Magomeni ya palepale Kilosa mjini, Mwislamu, ambaye walikuwa wakibishana naye juu ya nabii Isa tangu ujana wao. Jumapili baada ya ibada alikwenda akaketi barazani kwa fundi, cherehani ikilia, wakanyamaza pamoja. Nilipomuuliza fundi kama anajua kinachomsumbua mwenzake, alikata uzi kwa meno kwanza. "Mwenzenu amekula kiapo asichojua namna ya kukitegua," akasema. "Nanyi kanisani kwenu mnampita tu."

Miaka ikaenda. Mkewe alifariki, na mwanawe, yule wa gitaa, akamchukua kwenda naye Mikumi, ambako alikuwa fundi wa magari kando ya barabara kuu. Mimi nilihamishiwa shule ya hukohuko, miaka ya sabuni ya kupanga foleni na sukari ya kuisikia tu. Nilimkuta ameketi nje ya gereji kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, anasoma, kitabu kimegusa pua. Macho yalikuwa yameanza kumtupa. Malori ya Zambia yalipita yakitikisa kila kitu.

"Shikamoo, Mwalimu."

Alijua sauti. "Marahaba. Umesoma vingine?"

"Vingi. Sijafika."

"Kaa basi."

Siku ile hakuzungumza juu ya vitabu. Aliniuliza habari za watu wa kule bondeni. Nikamwambia karibu wote wamepanda tena juu, wanalima mashamba yao ya zamani, na hakuna anayewauliza. Yule afisa alikwisha hamishwa. Yule kijana aliyeuliza swali la kukataa yuko Dar es Salaam, ana watoto. Kasisi wetu amestaafu, kuna mwingine mdogo.

"Kwa hiyo hakuna tena wa kuitwa," akasema.

"Hakuna, Mwalimu."

Alifunga kitabu. "Nipeleke Kilosa nikaseme."

Nilikwenda kwanza peke yangu kuonana na kasisi mpya. Alinipokea vizuri, akanipa chai kavu, akanisikiliza na macho yakiwa dirishani. "Mama, hayo ni mambo ya kale," akasema. "Aje tu ashiriki. Nani anamkataza?" Nilipomfikishia mzee jibu hilo alitikisa kichwa, akasema anayemkataza anamfahamu vizuri na amechoka kukaa naye. Nikarudi tena kwa kasisi. Safari hii akakubali, apewe dakika chache kwenye matangazo.

Tulipata nafasi kwenye lori la mkonge, yeye mbele na dereva, mimi nyuma na vumbi langu. Kanisa lilikuwa limejaa. Nilizungusha macho kutafuta watu wa zamani nikaona wachache sana, wamezeeka, wamesinzia. Wengine wote walikuwa vijana na wageni, na kwaya mpya yenye sare. Alisimama mbele nimemshika mkono, kisha akauachia.

"Ndugu zangu. Zamani nilisimama hapa nikasema nilikosea kuwafundisha watu kuuliza. Ule ulikuwa uongo. Niliujua ni uongo nikiwa nausema, na Biblia ilikuwa mkononi. Yuko mtu aliyeniamini akajenga penye maji. Nimekuja kusema kwamba sikukosea kuwafundisha. Nilikosea siku ile."

Alibaki amesimama, ameinua uso kidogo kama wafanyavyo watu wasioona vizuri, na mimi niliyekaa darasani kwake nilijua anafanya nini. Alikuwa anasubiri. Mtu mmoja tu aulize. Ni nani huyo aliyejenga penye maji? Kwa nini ulidanganya? Uko wapi mahali hapo? Nilitamani kusimama niulize mimi, lakini mimi nilikuwa najua, na swali la mtu anayejua si swali.

Binti mmoja wa kwaya akasema, "Bwana asifiwe!" Kanisa likaitikia, na makofi yakapigwa, yale ya kupigia ushuhuda. Kasisi alimshukuru mzee wetu kwa ushuhuda mzuri uliotujenga, akatangaza siku ya mavuno, kisha kikao cha akina mama. Kwaya ikaimba. Nilikuwa na hasira.

Wakati wa Ushirika ulipofika tulikuwa benchi la mbele. Aliinuka, nikataka kumsindikiza, akasema niketi. Alikwenda akipapasa ncha za mabenchi. Magoti yalikataa kukunjika, akabaki amesimama peke yake kati ya waliopiga magoti, mrefu, viganja vimefunguliwa. Divai haikuwepo nchini miaka ile. Kikombeni kulikuwa na maji mekundu ya maua ya rozela. Alikunywa taratibu, akarudi, akaketi kwa uzito karibu nami. Watu walikuwa bado wanapita, na hakuwa na haja ya kusogeza miguu, mbele pale kulikuwa na nafasi.

Nilingoja mpaka pumzi zake zikatulia.

"Umeridhika, Mwalimu?"

"Hapana," akasema. "Ila nimekula."